Meza Niliyoinyoosha

Mpwa wangu anafundisha fizikia, na akili zote alizonazo amezirithi kwangu. Dada yangu, aliyemzaa, hulipinga hilo, lakini yeye hata msumari hajui kuupiga. Mtoto namwita Profesa tangu alipofungua saa yangu ya ukutani aone muda unakaa wapi.

Muhula uliopita mkuu wa shule alimpa habari: Ijumaa anakuja mkaguzi. Asiporidhika, fizikia inafutwa, na Profesa anapewa vipindi vya michezo. Yeye, ambaye hajawahi kukimbia ila akichelewa kazini!

Akaja karakana kwangu. "Mjomba, nataka mashine. Gololi ipite kwenye mfereji, iangushe vibao ishirini, cha mwisho kiangukie wenzo, wenzo ufyatue kopo la mchanga, kopo likishuka livute kamba kwenye kapi, kengele ilie."

"Safari yote hiyo kwa ajili ya kengele? Mkono wako una nini?"

"Waone nguvu inavyohama, Mjomba. Acha utani."

Shule niliiacha darasa la sita, na walimu walinisindikiza hadi getini kwa furaha. Lakini mbao nikiziita zinaitika. Kwa siku tatu tuliijenga juu ya meza ndefu ya maabara, mfereji tukaulaza hapohapo mezani. Alhamisi kengele ikalia. Tulicheza hadi mlinzi akachungulia, tukarudia mara kumi na moja.

Profesa alipoenda kurudisha funguo za kabati, nikagundua meza imeinama. Fundi haachi meza imeinama, watu watasemaje? Nikapachika kipande cha ubao chini ya mguu, nikaweka pimamaji, povu likatulia katikati kama bibi harusi. Nikaondoka nikijisifu.

Ijumaa nilikaa nyuma ya darasa, shati limepigwa pasi. Profesa akaigusa gololi kwa kidole. Ikatembea, ikachoka, ikasimama nusu ya mfereji. Mkaguzi akatoa kalamu. Mimi nikahesabu mbao za dari.

Profesa akainama, akakiona kile kipande, akanitazama mimi. Sijawahi kuoshwa kwa macho namna ile. Kisha akawageukia wanafunzi. "Jana ilipita, leo imegoma. Nani ananiambia sababu?"

Darasa likawa soko. Huyu anadai vumbi, yule anadai gololi imechakaa. Binti wa dawati la mbele akalala kifudifudi sakafuni. "Mwalimu, mteremko umeibwa. Meza imenyooshwa."

"Na nani?"

"Na fundi," nikajibu mwenyewe, maana shingo zote zilishageuka.

Wakachomoa kipande. Gololi ikaserereka, vibao vikalala, kopo likashuka, kengele ikalia. Mkaguzi, mtu mzima na tai yake, akaomba naye aiachie. Akaiachia mara nne, na ya tano akamwambia mkuu wa shule asogee, anamzibia.

Aliandika kwamba fizikia ibaki, na kwamba mwalimu ana mbinu adimu ya kutega kosa ili wanafunzi walisake. Profesa akataka kumfuata amweleze ukweli. Mimi nikasogeza kiti, nikakaa mlangoni.