Mpishi wa Uji wa Wodini
Mpishi wa wodi hupoza uji kwa kuumimina kikombe hadi kikombe, kisha huudondosha nyuma ya kiganja, kama anayepima maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Akimnywesha mgonjwa hatazami kijiko, hutazama koo. Hivyo ndivyo daktari alivyomkuta kwenye kitanda cha mwisho, kwa mzee aliyedhoofishwa na dawa za saratani, ambaye daktari mwenyewe alikuwa ameandika kwenye faili lake siku tatu mfululizo kwamba amekata tamaa, hataki kula.

"Dokta, huyu baba njaa anayo," mpishi alisema kwa sauti yake ya chini. "Ila kila akimeza anakunja vidole vya miguu. Hebu mwangalie mdomoni."

Daktari aliwasha tochi. Ulimini, ndani ya mashavu, hadi kooni, kote kulikuwa kumetanda fangasi nyeupe kama maziwa yaliyoganda. Siku zote tatu hakuwahi kumwambia mzee apanue kinywa.

Siku ya tano ya dawa ya fangasi, mzee aliomba kikombe cha pili. Na tangu hapo daktari, kabla ya kufungua faili lolote, hupitia jikoni kwanza, husimama mlangoni kama mwanafunzi, huuliza, "Mama, leo nani anameza kwa shida?"