Kikombe Mlangoni kwa Mzee Machage

Mtu akipiga chafya mtaani kwetu Kamunyonge, kabla hajafuta pua, Ghati ameshamfikia na kikombe. Simsengenyi. Ni jirani yangu, tumetenganishwa na ukuta tu, na mimi mwenyewe, Jenoveva fundi cherehani, nimekunywa vikombe vyake mpaka nikawa nanuka kitunguu swaumu hadi kanisani. Mwenzangu wa kwaya alinihama benchi. Nilimwambia Ghati, akacheka, kisha akaniongezea kingine.

Kazi yake ni kuuza matunda sokoni, na anauza kama mtu anayehubiri. Ukitaka machungwa atakuuliza kwa nini huchukui mapera, hujui kwamba pera lina vitamini C nyingi kuliko chungwa? Tangawizi hakufungii mpaka akueleze inavyopondwa. Nyumbani kwake hakuna kabati la vyombo, kuna kabati la kinga: asali kwenye chupa ya maji, unga wa mlonge alioutwanga mwenyewe kutoka kwenye majani ya ua wake, vidonge vya vitamini C vile vya kutafuna, vya zinki, malimau kwenye ndoo. Msimu wa baridi ukianza, upepo wa ziwani ukaleta vumbi na mafua, Ghati anavalia njuga. Chungu cha majani ya mkaratusi na mchaichai kinachemka uani kwake, na ole wako upite hapo ukikohoa. Utafunikwa blanketi.

Watu walimcheka, ila wengi hawakujua alikotoka. Miaka ile ya korona baba yake mzazi aliugua kifua huko kwao upande wa Tarime. Ghati alikuwa na mtoto mchanga, hakuweza kusafiri. Kila akipiga simu anaambiwa, "Mzee anaendelea vizuri." Asubuhi anaendelea vizuri, jioni anaendelea vizuri, kesho yake wakampigia wao kumwambia amefariki. Tangu hapo aliapa, na aliniapia mimi nikiwa nimemshika mkono, kwamba hakuna mzee wake mwingine atakayeondoka kwa kifua yeye akiwa hai. Ndiyo maana nilikuwa nakunywa hivyo vikombe bila ubishi mwingi.

Sasa mwaka huu mkwe wake, Mzee Machage, alifiwa na mke huko Kiabakari. Mseti, mume wa Ghati, ni dereva wa lori la samaki, leo Musoma kesho sijui wapi. Akasema baba hawezi kukaa peke yake na ng'ombe wake, akamleta mjini, akampa chumba cha uani. Halafu akawasha lori, huyoo, akaenda zake. Wanaume!

Hapo ndipo penye shida, na asiyejua desturi ya ukoo wao atashangaa. Mkamwana, yaani mke wa mwanao, ni mtu wa kuheshimiwa mpaka basi. Mzee Machage hampi Ghati mkono. Ghati hamtazami usoni. Chumba anacholala baba mkwe mkamwana hakanyagi, hata nyumba iungue. Mzee akitaka kwenda msalani anakohoa kwanza, Ghati anaingia jikoni, njia inakuwa wazi. Mimi Mjita, kwetu kuna heshima pia, ila ile ya kwao ilinitoa jasho kwa kuitazama tu.

Julai ikaingia, na mzee akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu kwanza, kile cha kugonga. Ghati nusura afurahi, nisamehewe kusema hivyo, kama askari aliyekaa muda mrefu bila vita. Akaweka kigoda mlangoni kwa mzee. Kila asubuhi kabla ya soko anachemsha tangawizi, limau, kitunguu swaumu na asali, anaweka kikombe kwenye kigoda pamoja na vidonge juu ya kisosi, anabisha hodi, anarudi nyuma hadi kwenye kamba ya nguo na kugeuka pembeni. Mlango unafunguka kidogo, mkono unatoka, kikombe kinaingia. Kisha sauti:

"Nashukuru, mkamwana. Kifua kimefunguka kabisa. Nimepona."

Ghati alikuwa anakuja kwangu uso unang'aa. "Umesikia, dada Jenoveva? Mzee amepona! Nilikuambiaga mimi!"

"Nimesikia. Mbona usiku namsikia anakohoa mpaka ukuta wangu unatikisika?"

"Hiyo ni makohozi yanatoka. Ndiyo dawa inafanya kazi."

"Mpeleke hospitali apimwe, basi."

"Mtu amesema mwenyewe amepona, nimpeleke kupimwa nini?"

Mimi jirani wa kike, mjane, nitaingiaje chumbani kwa mwanaume mjane? Nilikuwa namsalimia kupitia ukutani tu, naye anajibu kwa heshima zake zote kwamba hajambo. Na Ghati sokoni akawa anamtolea ushuhuda: mzee wangu wa miaka mingi, kifua kilimshika, nimempa hii tangawizi mnayoiona hapa, sasa hivi mzima kama chuma. Wateja wakabeba tangawizi.

Lakini kuna kitu kilikuwa kinapungua, na ni Ghati mwenyewe aliyekuja kuniambia baadaye jinsi alivyokisikia bila kukisikiliza. Ile "nashukuru, mkamwana, kifua kimefunguka kabisa, nimepona" ikawa "nashukuru, nimepona". Halafu ikawa "nimepona" peke yake. Alidhani mzee amechoka kurudia maneno yaleyale. Akaongeza kitunguu swaumu.

Jumapili moja mtaa ulikuwa mtupu, watu wote wako misa ya kwanza. Mimi nilibaki kwa sababu ya nyonga yangu hii, tangu nilipoanguka siwezi kukaa kwenye benchi la kanisa muda mrefu. Nilikuwa nimekaa uani nachambua dagaa. Ghati akaweka kikombe, akabisha, akarudi kwenye kamba ya nguo. Mlango ukafunguka. Mkono haukutoka mbio. Ulitoka polepole, ukapapasa, ukakishika kikombe, haukukiinua. Badala ya sauti nikasikia ukucha unagonga kikombe: ko, ko.

Mzee amejibu kwa kugonga.

Ghati alisimama pale amegeuka pembeni kama desturi inavyotaka, na mimi nikamwona anavyobadilika rangi. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Dada Jenoveva. Kwa nini hasemi?"

"Sijui, mama."

"Amepona lakini hasemi?"

Tukasikiliza wote wawili. Kutoka ndani kulikuwa na mlio wa pumzi, fupi fupi, haraka haraka, kama mtu aliyetoka kukimbia. Na mtu huyo alikuwa amelala kitandani usiku kucha. Ghati akaweka mikono kichwani, akasema, "Anaendelea vizuri. Ndivyo walivyoniambiaga. Anaendelea vizuri."

Halafu akapiga moyo konde. Nilimwona kwa macho yangu haya. Akakaza kitenge kiunoni, akaruka kigoda, kikombe kikaanguka, akaingia chumbani kwa baba mkwe.

Mama yangu weee! Nilisahau nyonga, nikasimama. Ndani nikamsikia mzee anakataa kwa pumzi aliyokuwa nayo, "Toka... mkamwana... toka." Na Ghati anajibu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mkamwana yeyote wa Mara, "Sitoki, baba! Unisamehe, sitoki! Dada Jenoveva, ita bajaji!"

Bajaji ipi Jumapili asubuhi? Nilipiga simu zote nilizonazo. Mmoja hapokei, mwingine yuko Bunda kwenye harusi. Aliyepita barabarani ni Magesa wa bodaboda, nikamkamata nusura anigonge. Akaingia, wakambeba mzee yeye na Ghati, wakamweka kwenye pikipiki. Midomo ya mzee ilikuwa imeiva rangi ya zambarau. Shingo inalegea huku, inalegea kule.

Magesa akasema, "Huyu peke yake ataanguka. Lazima mtu akae nyuma amshike."

Tukatazamana. Mimi na nyonga hii kupanda pikipiki? Thubutu, ningeshuka na kuwa mgonjwa wa pili. Nilifungua mdomo kusema tungoje watu watoke misa, lakini sikuwahi kumaliza. Ghati alikuwa ameshapanda. Akamkumbatia baba mkwe wake kwa mikono yote miwili, kifua chake mgongoni kwa mzee, kidevu begani kwake, akamwambia Magesa, "Ondoa." Wakaondoka hivyo, wakapita katikati ya mji, wakapita mbele ya kanisa watu ndiyo wanatoka. Niliogopa, na papo hapo nilimpenda yule mwanamke kuliko ndugu zangu wa damu.

Hospitali walimbana kipimo kidoleni, wakamkimbiza kwenye oksijeni. Nimonia. Mafua yalianza, yakashuka kwenye mapafu, na uzee haukusaidia. Daktari alikuwa binti mpole. Ghati akamweleza kila kitu, tangawizi, zinki, mlonge, huku analia. Daktari akamwambia vile ni chakula kizuri, mwili unavihitaji, aendelee kula mapera yake na malimau. Ila mtu akianza kuhema mbio, au akishindwa kumaliza sentensi, hapo hakuna kikombe cha kungoja, ni kumleta. Basi. Hakumgombeza. Ghati aliniambia angegombezwa isingemuuma kama ulivyomuuma ule upole.

Mzee akaanza kupata nafuu ya kweli, yenye cheti. Ndipo akaja Shangazi Wegesa, dada yake, kutoka Kiabakari, na habari ilikuwa imemfikia kabla hajashuka kwenye basi. Nilikuwepo wodini nimepeleka uji. Hakumsalimia hata mgonjwa.

"Ghati! Ni kweli umemkumbatia kaka yangu barabarani?"

"Ni kweli, shangazi."

"Mbele ya kanisa?"

"Ndiyo njia ya hospitali, shangazi."

Niliuma khanga nisicheke. Shangazi akaanza: tangu ukoo wao uwepo haijaonekana, mkamwana kuingia chumbani, mkamwana kushika mwili wa mkwe, hili litaleta balaa kwa wajukuu, Ghati atoe mbuzi, wazee waitwe, mwiko usafishwe. Ghati amesimama mlangoni, macho chini, hakuingia wodini. Tangu mzee afungue macho alikuwa amerudi kwenye heshima zake, anakaa kwenye korido, uji anaupitisha kwa nesi.

"Nitatoa mbuzi," akasema. "Na nitasema ukweli, shangazi. Ikitokea kesho, nitapanda tena."

Weee! Shangazi akashika kifua kana kwamba nimonia imemhamia.

Mzee Machage akaondoa kile kifuniko cha oksijeni puani. Tulidhani anataka maji. Akasema, "Wegesa, nyamaza. Nilidanganya mimi."

"Ulidanganya nini?"

"Sikuwahi kupona. Hata siku moja." Akapumzika, akavuta pumzi. "Kila asubuhi nilisema nimepona. Nilimjua huyu. Nikisema naumwa, ataingia. Ataingia tu, desturi au si desturi. Sikutaka aje aadhirike kwa ajili yangu. Nikaona bora nife, heshima yake ibaki."

Kule mlangoni Ghati alilia kwa sauti, analia kama siku aliyofiwa na baba yake, na nesi akaja kuuliza nani amefariki. Mimi mwenyewe machozi yalinitoka, siyafichi. Kumbe kule ng'ambo ya ukuta wangu kulikuwa na watu wawili, mmoja anapika kwa nguvu zote ili mwenzake asife, na mwingine anakufa taratibu ili mpishi asiaibike.

"Mbuzi atatoka zizini kwangu," mzee akasema. "Kwetu baba mkwe akitaka kuondoa mwiko kati yake na mkamwana, yeye ndiye anayetoa mnyama. Au umesahau, Wegesa?"

Shangazi akamwambia Ghati, akiwa bado amenuna, "Ingia basi. Umesimama mlangoni kama mgambo."

Mbuzi aliletwa, wazee wakaja, wakasema yao, na nyama tukala. Shangazi Wegesa alikula kuliko wote.

Ghati hajaacha vikombe vyake, msinielewe vibaya. Bado anauza tangawizi, bado mlonge wake unakauka kwenye ungo uani. Lakini sokoni ushuhuda umekoma. Juzi mama mmoja alikuja kununua malimau kwa ajili ya mama yake mzazi aliyeko Kibara, akasema amepigiwa simu mgonjwa anaendelea vizuri. Ghati alishikilia mfuko wa malimau, hakumpa.

"Umemwona?"

"Nimeambiwa."

"Sijakuuliza umeambiwa nini. Nenda kamwone kwa macho yako, umwambie aongee maneno marefu. Akishindwa, mbebe." Ndipo akamwachia mfuko.

Na asubuhi ya leo nilikuwa uani kwangu kama kawaida. Ghati akachemsha kikombe, akakiweka kwenye kigoda kwa mazoea, akabisha hodi, akaanza kurudi nyuma kuelekea kwenye kamba ya nguo. Mlango ukafunguka.

"Nimepona," mzee akasema kutoka ndani.

Ghati akasimama. Akarudi, akakichukua kikombe, akainama kupita mlangoni.

"Hebu niangalie," nikamsikia anasema. "Baba, geuka, niweke mkono mgongoni nisikie."

Na mzee akageuka.