Kimea cha Dada Sesi

Juzi pale Kibaoni nimemwona binti anatia kimea kwenye uji wa togwa. Ile harufu ya ulezi ulioota ikanirudisha kijijini kwetu Mofu, mchana ule togwa ya dada Sesi ilipolegea upesi mno.

"Umetia maji ya mtoni, we! Hugusi tena togwa ya wageni!" mama alimfokea Sesi.

"Hajatia! Kazidisha kimea tu!" nikabwata.

Mbele ya mama nikachota uji mzito wa vuguvugu, mabakuli matatu. La kwanza sikutia kimea, la pili nikatia kijiko kimoja, la tatu viwili. La tatu ndo lililegea kwanza, likafuata la pili. La kwanza likabaki zito vilevile.

Niliamini kimea kimeficha maji. Kumbe kinavunja wanga wa uji, na kikizidi unalegea upesi zaidi.

Mama alionja la tatu, akamsogezea Sesi mwiko. "Koroga, mwanangu. Wageni wanakuja."