Fundi Nailoni na boneti nyeusi ya mkurugenzi

Jumanne ya tarehe tisa, saa nne asubuhi, Fundi Nailoni anashika ncha ya filamu ya plastiki kwenye kona ya boneti, anaipulizia hewa ya moto, anavuta polepole. Filamu inaachia. Anavuta tena. Safari hii inakuja na rangi.

Si kidogo. Kipande kipana kama sinia kinanyanyuka, cheusi juu, kijivu chini, kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Boneti inabaki uchi.

Nyuma yake wamesimama watu wawili. Mmoja ni meneja wa gereji. Wa pili ni mwenye gari, mkurugenzi wa kampuni fulani, aliyekuja kulalamika kwamba nailoni aliyobandikiwa wiki iliyopita imeota malengelenge. Feni inazunguka. Kisha meneja anauliza, kwa sauti ya mtu aliyefika pale kwa mara ya kwanza maishani:

"Fundi, umefanya nini?"

"Hapo nikajua nimekwisha," anasema fundi. "Wiki iliyotangulia gari lile lilikuwa letu sote. Meneja alipiga nalo picha, mkono kiunoni. Siku ile likawa langu peke yangu."

Tangu Jumanne hiyo hajakanyaga chumba cha filamu. Anaosha magari uani, kwa nusu ya mshahara wake wa zamani, akisubiri wakubwa waamue kama atarudi kwenye kazi yake au atafute pa kwenda. Wanasema suala lake linashughulikiwa. Yeye anasema hajawahi kuona wakubwa wakishughulikia kitu chochote isipokuwa chai.

Asubuhi tunamkuta ameinama kwenye tairi, suruali imekunjwa hadi magotini. Waosha magari wenzake wanamtania kwamba siku hizi anabandika povu. Hacheki, lakini hakosi jibu: povu, anawaambia, likiharibika halina mkurugenzi.

Kazi aliyonyang'anywa ni ya watu wachache. Filamu ya kulinda rangi ni kama ngozi ya pili ya gari, angavu, inayonyooshwa juu ya rangi ili kokoto, matawi na kucha za watoto visiichubue. Wateja huiita nailoni, na jina hilo likamganda yeye.

"Ni kazi ya ajabu," anaeleza. "Ukiifanya vizuri mteja haoni kitu. Analipa pesa nyingi ili asione kitu. Siku ukiharibu ndiyo anakuona."

Hufanyika katika chumba kilichofungwa, sakafu imemwagiwa maji ili vumbi lilale. Filamu inalowanishwa kwa maji ya sabuni, inalazwa juu ya bodi, halafu maji yanakamuliwa kwa kibao cha raba, kutoka katikati kwenda pembeni. Unywele mmoja ukibaki chini yake, utaonekana hadi gari liuzwe.

Ni kazi ya watu wawili. Mmoja anavuta, mwingine anashika ncha ya pili na kupuliza maji. Kwa miaka mingi mtu wa pili alikuwa mke wake.

Fundi mwenyewe aliishia darasa la nne na aliingia gereji hiyo kama mwosha magari. Mke wake alikuwa akifagia ofisi. Siku moja msaidizi hakuja, filamu inajikunja kama mkeka, fundi anaita na hakuna anayesikia. Mke akaweka ufagio chini, akashika ncha. Hakuurudia ufagio. Gereji nzima ikamwita Mama Maji.

Fundi si mtu wa maneno. Mbele ya mteja mdomo wake huwa mzito. Maneno yalikuwa ya Mama Maji, na alikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyemfundisha. Kabla ya chupa ya maji kufunguliwa, alimwendea mwenye gari, awe nani au nani, akamuuliza rangi ile ina umri gani.

Wateja walicheka. Mmoja alimuuliza kama anataka kuiposa.

"Nataka kuivalisha," Mama Maji akamjibu. "Na simvalishi mtoto ambaye kitovu hakijakauka."

Gari likiwa limepigwa rangi upya karibuni, alilirudisha. Rangi mbichi huonekana kavu huku ndani bado inapumua. Ukiifunika inatoa malengelenge, na ukiibandua filamu, rangi inaifuata. Wapo walionuna, na wapo waliompigia bosi simu. Mwezi ukipita walirudi, akawapokea kama vile hawakumtukana.

Alifariki miaka miwili iliyopita. Ukimuuliza mumewe aliumwa nini, anakunja uso.

"Hakuuawa na ugonjwa. Aliuawa na kusubiri. Mashine ya kupimia pale hospitali ilikuwepo, chumba kimefungwa, ufunguo anao mkubwa, na mkubwa yuko semina. Semina ya nini? Kila mkubwa wa nchi hii yuko semina."

Gereji ilituma shada la maua, na pamoja na shada ujumbe kwamba kuna gari linamsubiri. Mtu wa pili hakuletwa. Meneja alimweleza kwamba mtu mmoja anatosha akijipanga vizuri. Badala ya mtu alinunuliwa sumaku, zile za kubana filamu kwenye bati isiteleze.

"Sumaku inashika vizuri kuliko mkono, sikatai," anasema fundi, akikamua kitambaa. "Lakini sumaku haimuulizi mtu swali."

Ndivyo gari jeusi lilivyopita. Lilikuja linang'aa kama kiatu cha askari wa gwaride. Boneti ilikuwa imekwaruzwa na geti, ikapelekwa kwa mpiga rangi, ikatoka huko siku chache tu kabla. Meneja aliingia nalo mwenyewe, akasema mheshimiwa, aliyekuwa amesimama mlangoni, ana safari, analitaka jioni. Fundi anakiri kwamba alipoinama alisikia harufu.

"Rangi mbichi haijifichi. Ilinipiga puani. Lakini meneja ameshasema bandika. Nani mimi? Darasa la nne nimpinge mtu mwenye vyeti ukutani?"

Akabandika. Ilikuwa kazi safi, anasema, pengine safi kuliko zote, bila tone moja la hewa.

Kwa simu, meneja anasema yeye kazi yake ni kupokea magari, si kunusa, na fundi mzoefu alitakiwa kusema. Mkurugenzi naye, aliyelazimika kupaka boneti rangi upya, hana kinyongo kikubwa. Anasema hakuulizwa, na kama angeulizwa angesema ukweli, kwa kuwa hakuona sababu ya kuuficha.

Fundi akisimuliwa majibu hayo anatema mate pembeni. "Wote mikono misafi. Utafikiri boneti ilijibandika yenyewe."

Jioni anarudi kwenye vyumba vyake viwili. Nyuma kuna stoo iliyokuwa ya kuni na madebe, na hapo ndipo tumaini lake lilipo. Ameisakafia, ameziba dirisha kwa karatasi ya plastiki na mianya ya bati kwa matambara. Kama wakubwa watamtema, ataanzia hapo: taa, vioo vya pembeni, bampa. Boneti zitafuata.

Mtu wa pili ameshampata. Ni binti yake, fundi cherehani, mwenye mkono mwepisi na ulimi wa mama yake. Wanafanyia mazoezi kwenye mlango wa friji mbovu, waliouegemeza ukutani. Tunawakuta wakiubandika filamu kwa mara nyingine. Binti anapuliza maji, baba anasukuma raba na kumkosoa: asivute kama anapasua kitambaa, aishike kama anamnyooshea mtoto shati.

"Baba, friji halivai shati," anasema binti.

"Na mdomo huo ndio utakaotufukuzia wateja."

"Mama aliwafukuza, na walirudi."

Baba anasukuma raba hadi pembeni. Kisha anaanza tena wimbo wake wa kila jioni: meneja alijua, mkurugenzi alijua, wote wenye magari na vyeti walikuwepo, na hakukuwa na hata mmoja wa kuuliza swali dogo ambalo marehemu aliliuliza kila siku. Mtu mmoja tu angeuliza, anasema. Mmoja tu, na leo yeye angekuwa kwenye chumba chake cha filamu.

Binti amekubali kuacha cherehani kwa sharti moja, kwamba wateja atawahoji yeye. Anaiweka chupa ya maji juu ya ndoo na kumtazama baba yake, ambaye hajainua uso kutoka kwenye mlango wa friji. Haongei kwa hasira.

"Baba, mama hakusubiri kuambiwa aulize. Siku ile harufu ilipokupiga puani, na mwenye gari amesimama pale mlangoni, wewe ulimuuliza?"