Mji wa Mwisho wa Nasiha

Wifi yangu Nasiha alianza kwa kuitoa Mombasa. Mamake alimpigia simu kutoka huko, naye akaitazama simu ikilia mpaka ikanyamaza. "Mombasa haipo tena, Saadiya," akaniambia. "Nimeshaitoa."

Mimi na mdomo wangu huu nikacheka. "Umempa nani, na mie nisipate hata Likoni?" Mawifi tumezoea kutaniana, na huyu mke wa kakangu Hanif alikuwa hodari wa kunijibu. Hodari wa cherehani pia. Hapa Voi, bi harusi asiyeshonewa na Nasiha bado hajaolewa. Lakini siku hiyo aliinamia tu cherehani yake.

Ikafuata Taveta, kisha Mwatate. Nilipomwita twende Bura tukachukue kabichi, akanishangaa. Bura gani? Hapo nikambana, akasema yote. Tangu mimba yake ilipoharibika, kila alasiri, joto likishailaza mitaa, kuna mtu huja kuketi chini ya meza ya kukatia vitambaa. Hana uso. Humtegea kitendawili, na akishindwa humdai mji, vile tulivyokuwa tukidaiana utotoni. Ila huyu akipewa mji, huondoka nao kweli.

"Imebaki Voi," akasema. "Voi ikiisha, nitajitoa mwenyewe. Ndivyo mchezo ulivyo."

Ya Rabi! Hanif akampeleka hospitali, daktari akamsikiliza vizuri, akampa vidonge. Akatwambia haya ni maradhi kama maradhi mengine, na asiachwe peke yake. Basi nikahamia chumba cha cherehani. Nikaapa hafi mtu hapa, labda huyo asiye na uso anipite mimi kwanza.

Alasiri moja upepo ukaacha. Vumbi jekundu likasimama hewani mlangoni, lisitue. Dirishani, mlima Sagalla ukafifia kama rangi ya kanga iliyofuliwa mno. Gurudumu la cherehani likaanza kuzunguka polepole, na hakuna mguu uliolikanyaga. Kutoka chini ya meza, sauti ya upole ikasema, "Kitendawili!"

Na mimi, mjinga niliyelelewa vyema, nikajibu, "Tega!"

Nani asingejibu? Kwetu mtu huitikia kitendawili kama anavyoitikia salamu, mdomo hauombi ruhusa. Nasiha akanidaka mkono. "Wifi, umeingia!"

"Mgeni alikaa kwangu," sauti ikasema. "Hakuona mtu, wala mtu hakumwona. Alipoondoka, aliondoka na nyumba nzima."

Nilikitegua papo hapo moyoni. Nikamgeukia Nasiha, machozi yalikuwa yakimtiririka, ndipo nikatanabahi. Kilikuwa kitendawili kile kile kila siku, na siku zote jibu alikuwa nalo. Kulitamka ndiko kulikomshinda. Nyumba nzima hakuna aliyekuwa akilitaja.

"Huna jibu? Nipe mji."

Nje, Voi ikaanza kuyeyuka. Mnara wa msikiti ukawa mwembamba, mabati ya maduka yakageuka ukungu, honi ya gari moshi ikaja kutoka mbali kabisa. Nasiha akafungua kinywa aitoe.

"Thubutu!" nikafoka. "Voi ndiko nilikozaliwa mimi! Utaitoaje bila idhini yangu? Liseme jibu, wifi. Nipo hapa."

"Siwezi, Saadiya."

"Basi tulie kwanza, halafu uliseme."

Tukalia. Wallahi tulilia mpaka buibui la watu lililokuwa mezani likaloa. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Ni mwanangu. Nilikuwa nimeshampa jina. Idris."

Gurudumu likasimama. Vumbi likatua sakafuni, na nje mwuza maji akaanza kumtukana punda wake kama kawaida.

Vidonge bado anameza, na kliniki anakwenda. Ziko alasiri anapoacha kushona, akasikiliza chini ya meza. Humwuliza, "Kaja?" Naye huniambia, "Kaja." Basi mimi huvuta kiti, tukazungumza habari za Idris, pua angerithi ya nani, maana ya Hanif, Mungu atusamehe, haifai kurithiwa. Hucheka, na siku nyingine hucheka huku akilia.

Lakini siku ile, macho yakiwa bado yamemvimba, alichukua simu akapiga Mombasa.

"Mama," akasema, "nilikuwa na mtoto."