Ekari Tatu Alizozificha Dorotea

"Chupa mbili? Pius, chupa mbili nikanyweshe kuku? Nina ekari nne za pamba, kijiji kizima kinajua!"

"Kijiji kinajua, Mama Selina. Daftari halijui." Pius, karani wa chama chetu cha ushirika, alimgeuzia ukurasa. "Ekari moja. Na dole gumba ni lako."

Tuliokuwa kwenye foleni ya sumu ya wadudu tulicheka. Mimi, jirani yake, nilicheka kuliko wote.

Dorotea, ndiye huyo Mama Selina, alizaliwa hapa hapa kijijini Kigongo. Baba yake alikuwa na ng'ombe thelathini na wawili, watoza kodi akiwaonyesha wanane. Waliobaki aliwatawanya kwa mashemeji mpaka Sengerema. "Mtu mwenye kalamu," aliwaambia wanawe, "mwonyeshe nusu ya nusu." Dorotea alilishika somo hilo kuliko yale ya shule. Alipofiwa na mume alilea watoto watatu kwa pamba, na kila aliyekuja kuandika, awe wa sensa au wa mradi, alipewa nusu ya nusu.

Basi serikali ilipotangaza sumu ya bure kwa kila ekari iliyoandikishwa, yeye alinusa kodi. Akasema moja.

"Dada, safari hii wanatoa, hawachukui," nilimwambia.

"Hata ndoana huanza kwa kutoa."

Siku ya chupa mbili aliomba daftari lirekebishwe. Akaambiwa msimu ujao. Funza hawakungoja msimu ujao. Walitoboa vitumba ekari tatu nzima, na sumu ya dukani haikushikika bei. Halafu wanunuzi wakasema soko la nje limelegea, wakafunga mizani wiki tatu, wakafungua kwa bei ya kutupa. Dorotea alipeleka magunia manne. Mwaka uliotangulia yalikuwa kumi na tisa.

Sasa langu. Mwaka juzi aliniazima chupa ya sumu, nikawa namwambia nitairudisha kesho, kesho. Funza walipokuwa wakimlia pamba, mimi nilikuwa na chupa sita chini ya kitanda. Nilipulizia kwangu kwanza. Ikabaki moja, nikanyamaza nayo.

Mwezi wa tisa akaja bwana shamba: miti yote ya pamba ing'olewe na kuchomwa kabla ya tarehe kumi na tano, funza wasivuke msimu, asiyetimiza atapigwa faini. Alilipima shamba la Dorotea kwa hatua, akaandika ekari nne.

"Kumbe macho mnayo," Dorotea alimwambia.

Siku tatu kabla ya tarehe nilikwenda na ile chupa, nimeifunga kwenye kanga. Nilimkuta ameinama peke yake, viganja vimechubuka. Alikuwa hajamaliza hata ekari mbili.

"Nimekuletea deni lako, dada."

Aliitazama. "Nikapulizie nini, moshi?"

Alinionyesha ukingo wa shamba kwa kidevu.

"Iweke pale. Shika mstari huo."

Tuling'oa siku tatu. Hakunisimanga hata neno, na ningependa anisimange. Ile miti ilikuja na vitumba vyeusi, vikavu, ndani hamna kitu. Jioni ya tarehe kumi na nne tulitia moto, hakuna faini.

Akaokota chupa, akanitia mkononi.

"Nenda nayo. Umeshalipa."