Kifuniko cha Bakuli la Sukari

Kwa vioo vya zamani, mimi hunidanganyi. Muuzaji kwenye gulio la Jumapili hapa Edmonton, kaskazini mwa London, anaweza kuapa kwamba bakuli lake limechongwa kwa mkono. Mimi napitisha kidole ubavuni, naupata mshono wa kalibu, namwambia hiki ni kioo cha Marekani, kilimiminwa kikiwa moto kikakandamizwa ndani ya chuma. Kisha naendelea kupekua meza yake.

Ujuzi huu wote ulianza na uongo. Mama alikuwa na bakuli la sukari la kioo hicho, lenye nakshi za nyota, aliloachiwa na mwalimu wa Kimarekani ambaye Mama alikuwa mpishi wake. Alilitunza kwenye kabati la vyombo vya wageni, juu ya kitambaa cha kufuma, na hata wageni wenyewe hawakuwahi kulitumia. Nilipokuwa na miaka minane nilichukua kifuniko chake nimvishe mwanasesere kama kofia. Kikaniponyoka, kikavunjika. Nikaacha vipande sakafuni, nikafunga kabati vizuri, nikasema ni paka. Paka akanyimwa maziwa wiki nzima, na mimi nikala chakula changu bila haya.

Haya zilinijia ukubwani, huku London. Kila siku ya mapumziko, baada ya zamu zangu za kulea wazee, nilitafuta kifuniko chenye nyota zile. Mwaka wa sita nikapata bakuli la nakshi ileile, limepasuka kitako. Nikalinunua kwa ajili ya kifuniko tu.

Mwaka huu Mama alikuja kunitembelea. Kwenye sanduku lake, ndani ya leso mbili, alikuwa ameniletea lile bakuli. Alisema mpenda vioo ni mimi, basi likae kwangu. Nikajiona mjanja: nitaweka kifuniko, nitasema nimekikuta sokoni, yaishe. Nikakiweka, kikakaa sawasawa. Mama akakifunua, akakifunika tena, akauliza nilikitafuta muda gani. Nikamwambia miaka sita.

"Miaka sita, kwa kosa la paka?"

"Si paka, Mama. Ni mimi."

"Najua. Paka angefungaje kabati?"

Nikamuuliza habari za yale maziwa. Akasema paka alikuwa akipewa nikishaenda shule. Nikamuuliza basi mbona hakunichapa, wala kunitajia jambo lile miaka yote hii. Akasema alikuwa akingoja niseme mwenyewe. Hata nilipohamia huku, kila nilipopiga simu alidhani labda leo ndiyo siku.

Hilo liliniuma kuliko kiboko. Nililia, mtu mzima mwenye watoto wanaojitegemea. Mama hakunibembeleza. Alinituma sukari, akalijaza bakuli, akatia vijiko viwili kwenye chai yangu. Sikuwahi kumwona akilitumia kabla ya siku hiyo.